Jina la Juu ya Bahasha

Meli ya Harlan Goss, Ziwa Huron
Jumapili ya Pasaka, 9 Aprili 2023

Mjomba Arvo,

Pasaka njema. Natumaini ulikwenda kanisani na hukusinzia katikati ya mahubiri, na kwamba goti halikusumbui sana kwenye ngazi. Mimi mzima, nakula kupita kiasi. Wanda, mpishi wetu, ametuchomea nyama ya nguruwe na viazi, kisha kila mtu akapewa yai lililopakwa rangi. Watu wazima wenye mikono ya grisi tumekaa na mayai yetu kama watoto wa chekechea.

Tulipofika Cleveland nilirusha kamba yangu ya kwanza. Ilimfikia mtu wa gatini palepale alipokuwa amesimama. Hoyt, mnyapara wetu wa sitaha, akaniuliza, "Nani kakufundisha wewe?" Nikamwambia ni mjomba wangu Arvo Kettunen, uani kwake Superior, kila Jumamosi tangu nina miaka tisa. Kumbe naye alianza kazi chini yako! Akanitazama, akasema, "Basi mimi sina la kukufundisha. Nenda kafagie."

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu hampatani tangu masikio yaanze kukuchezea. Basi nakuandikia, na jambo lenyewe ni hili. Hapa najulikana kama Eino. Mahakama ilishapitisha jina jipya tangu Novemba, na vyeti vyangu vyote vinasema Eino Saari, mwanamume. Hakuna hata mmoja melini anayejua habari za nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani nafanya kazi bila mtu kunichunguza shingo na mikono.

Unaijua desturi ya barua kuliko mimi. Tukipita Detroit mashua ya posta inakuja ubavuni, tunateremsha ndoo kwa kamba, barua zinapanda. Jioni Hoyt anasimama mezani na kusoma majina kwa sauti, na mwenye jina lake anaitika "Nipo" kabla ya kupewa. Hata wasiopata kitu hukaa mpaka jina la mwisho. Mimi nimekaa mara mbili.

Nakuomba kitu kimoja tu. Juu ya bahasha andika Eino Saari. Ndani andika unavyotaka.

Eino


Superior, Wisconsin
24 Aprili 2023

Lempi,

Barua yako nimeipata, nikafurahi kusikia habari za kamba. Huku theluji bado iko nyuma ya ghala, chafu, haitaki kuondoka. Jiko la sauna lilipasuka nikalibadilisha peke yangu, ndipo goti likanikumbusha umri. Hilkka wa kanisani ananiletea mkate wa iliki kila Alhamisi na kukaa mpaka aone nimekula. Nimepita kaburini kwa mama yako nikaokota matawi yaliyoangushwa na upepo. Kila mtu pale kanisani ananiuliza, "Yule binti wa Irja yuko wapi siku hizi?" Nawajibu uko majini, wananiuliza mengine, nanyanyuka kwenda kuongeza kahawa. Mwezi huu nimekunywa kahawa nyingi sana.

Mwambie Hoyt nakumbuka siku alipotapika ndani ya buti langu.

Ukivaa glavu mpya zisugue na mchanga kwanza, la sivyo kamba itakuteleza. Na usisimame ndani ya duara la kamba hata kama mnyapara wako anakupigia kelele. Nilimwona mtu akipoteza mguu hivyo.

Bahasha nimeandika jina ninalolijua. Nina miaka sabini na nne, mkono una mazoea yake. Lempi ni jina la mama yangu, na mama yako alikupa siku ya pili ya maisha yako, mimi nikiwa nimesimama pale mlangoni na maua ya bei rahisi. Eino alikuwa baba yangu. Ulilichukua bila kuniuliza.

Mjomba wako,
Arvo


Meli ya Harlan Goss
13 Mei 2023

Mjomba,

Salamu kwa Hilkka. Hali ya hewa nzuri. Goti naliombea.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu nataka uone. Tulikuwa watu kumi na wanane mezani. Wanda alikuwa anagawa supu. Hoyt akasoma jina la Curtis, mwenzangu wa chumba, akasoma la mhandisi, kisha akachukua bahasha yako na kutabasamu kabla hata ya kusoma, kwa sababu anaujua mwandiko wako, zile herufi kubwa za wino wa bluu. Akasoma, "Lempi Saari." Akaigeuza bahasha. Akasoma tena, "Lempi Saari? Nani huyu? Tumepakia mwanamke bila mimi kuambiwa?"

Watu wakacheka. Saari ni mmoja tu humu, Mjomba. Vichwa vikageuka.

Bado ningeweza kupona. Ningesema ni dada yangu, barua imepotea njia, irudisheni. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini ilikuwa barua ya kwanza niliyoletewa tangu nipande meli hii, na ilikuwa yako, na ingerudi Superior bila kusomwa. Nikainua mkono. Nikasema, "Nipo."

Curtis akaweka kijiko chini. "Subiri kidogo. Kwa hiyo miezi yote hii nalala chumba kimoja na demu?"

Wanda akamwambia, "Kula supu yako, wewe. Hata hukutajwa."

Sasa Curtis amehamia chumba cha akiba chenye bomba linalovuja, na analalamika kwa kila mtu kwamba mimi ndiye niliyemtoa. Akinitaja mbele ya wengine ananitaja kama mwanamke, mara tatu kwa pumzi moja, ili nisikie. Wawili watatu wamemfuata. Wengine hawana ubaya, ila wanaogopa kukosea. Hoyt ndiye kichekesho. Kwa kuwa hajui aniite nini, ananiita "wewe wa kofia ya bluu." Sitahani tuko watatu wenye kofia za bluu. Juzi akapaza sauti tukageuka wote watatu, na mfuniko wa tumbo la meli ukabaki unaning'inia.

Ningeweza kucheka kama isingekuwa kazi yangu. Nilikuomba kitu kimoja tu. Kwa nini?

Eino


Superior
30 Mei 2023

Lempi,

Nimepanda viazi. Kichaka cha mama yako kimetoa maua meupe mapema mwaka huu. Hilkka amevunja miwani yake akamlaumu paka.

Nilisahau kwamba Hoyt anasoma majina. Miaka kumi na miwili sijakanyaga meli, mtu anasahau. Pole kwa usumbufu.

Lakini na wewe ulikuwa na haja gani ya kuinua mkono? Umesema mwenyewe kwamba ungeweza kunyamaza. Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na minane majini, hakuna aliyeniuliza najionaje wala nataka kutajwa vipi. Tuliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulipakia mawe ya chuma, tukashusha mawe ya chuma, tukarudi nyumbani. Kama kazi unaifanya vizuri, na naamini unaifanya vizuri kwa sababu nilikufundisha mimi, wao wakikutaja hivi au vile unapungukiwa na nini? Sielewi. Nakuambia kwa moyo mweupe kwamba sielewi, na nimechoka kuambiwa kwamba kutoelewa ni ubaya.

Mama yako angelia.

Arvo


Meli ya Harlan Goss
25 Juni 2023

Mjomba,

Mama alijua. Nilimwambia hospitalini, mwezi mmoja kabla hajafariki. Alilia, ndiyo. Kisha akaniuliza kama nimekula. Sikukuambia kwa sababu aliniambia, "Arvo mwache kwanza, yeye mambo humwingia polepole." Imepita miaka minne sasa. Polepole gani hiyo?

Unauliza napungukiwa na nini. Naamka saa kumi alfajiri. Nafanya kazi ile ile anayofanya Curtis, kwenye baridi ile ile, na kila mara lazima nitumie nusu ya akili yangu kusikiliza nyuma yangu wanasema nini. Mtu anayesikiliza nyuma ndiye anayesimama ndani ya duara la kamba. Hicho ndicho ninachopungukiwa.

Sasa sikiliza mengine. Mtu mmoja, simjui ni nani, alipeleka habari ofisini kwa kampuni. Sikuwa mimi. Ofisi ikaleta karatasi mbili. Ya kwanza imebandikwa kando ya orodha ya zamu, kila mtu aandike anataka kutajwa vipi, kama mwanamume, mwanamke au vinginevyo. Curtis ameandika "Mfalme wa Ohio." Mhandisi ameandika "Msinitaje kabisa." Ya pili inasema ni marufuku kusoma barua za watu hadharani, kwa ajili ya kulinda faragha. Tangu siku hiyo barua zinatiwa kwenye visanduku ukutani, kila mtu anachukua yake kimya kimya kama anayelipa faini.

Desturi ya miaka mingi, imekufa kwa ajili yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka ife. Nilikuwa naipenda! Nilipanda meli hii nikiwa na hamu ya siku nitakayosomwa. Sasa hata wale waliokuwa upande wangu wananitazama kana kwamba nimewazimia redio. Jumamosi mzee mmoja wa mitamboni, ambaye hajawahi kupata barua hata moja mbele yangu, aliniambia, "Nilikuwa nakaa tu kusikia majina. Umetuharibia." Ofisi wanadhani wamenisaidia, na bado wananiandikia kuuliza kama nimeridhika.

Usiniandikie tena kwa jina lile. Itakayokuja nalo nitairudisha.

Eino


Superior
10 Julai 2023

Lempi,

Tarehe nne, sikukuu ya uhuru, nilikaa barazani peke yangu nikatazama fataki za jirani. Alikaribia kujichoma ndevu.

Hukuniambia kwamba Irja alijua. Nimekaa na jambo hilo wiki mbili. Dada yangu alikuwa akinieleza kila kitu, mpaka bei ya sabuni.

Vitisho vya kurudisha barua ni vya kitoto. Niandikie.

Arvo


Superior
16 Agosti 2023

Lempi,

Barua yangu ya Julai imerudi. Juu yake pamegongwa muhuri mwekundu, HAYUMO MELINI. Posta nzima ya Superior imeuona. Yule kijana wa dirishani aliniambia, "Pole, mzee, labda amehama meli." Nikamjibu hajahama. Akanitazama kama anayemtazama mzee aliyechanganyikiwa.

Hayumo! Mimi ndiye niliyekupeleka ukaione meli yako ya kwanza, nikakubeba mabegani ili uone bomba la moshi. Mimi ndiye niliyekununulia buti. Nakuandikia kila mara, wewe unanigongea muhuri. Mimi na Irja tulipogombana hatukuwahi kufika hapa.

Hii nayo najua utairudisha. Naituma hivyo hivyo.

Arvo


Meli ya Harlan Goss, Ziwa Superior
1 Oktoba 2023

Mjomba Arvo,

Natumaini viazi vilitoka vizuri, na umepata mtu wa kukusaidia kuvibeba. Usivishushe ghalani peke yako. Huku mawimbi yameanza, Wanda anafunga masufuria kwa kamba na kuyatukana.

Barua zako mbili nilizirudisha, kama nilivyosema. Nilizishika kwanza. Ya pili nilikaa nayo usiku mzima chini ya mto, kisha nikampa Hoyt aitie kwenye ndoo. Akauliza, "Una hakika, wewe wa kofia ya bluu?" Nikamwambia nina hakika. Sikuwa nayo.

Nakuandikia kukuambia kwamba naacha. Tukipakua bandarini Conneaut mwishoni mwa mwezi nitashuka na mzigo wangu. Hoyt sijamwambia bado. Hakuna aliyenifukuza, na usidhani nimeshindwa kazi, kazi naijua. Nimechoka tu. Curtis amerudisha utani wake, ofisi inaendelea kuleta karatasi, na mezani tunakula kama watu waliokutana kituo cha basi. Nikiondoka labda watarudishiwa majina yao.

Ile sindano ya chuma ya kufumia kamba uliyonipa nitakutumia kwa posta. Ulisema ni ya baharia. Basi ikae kwako.

Eino


Superior
9 Oktoba 2023

Lempi,

Viazi magunia manne. Hilkka alinisaidia, analalamika mpaka leo. Goti limevimba, lakini hilo si la leo.

Sindano usiitume. Ikija nitairudisha, na mimi nina muhuri wangu.

Nimeandika barua hii mara tano. Nilikuambia nilisahau kwamba Hoyt anasoma majina. Sikusahau. Nani angesahau? Miaka thelathini na minane nilikuwa nangoja jina langu kwenye meza ile, mke wangu Sylvia akiniandikia. Nilijua atasimama na kulisoma. Nilidhani ukiona aibu mbele ya wanaume utaliacha jambo hili, urudi nyumbani kuwa yule ninayemjua. Hicho ndicho nilichofanya, na nilikifanya nikiwa na akili zangu, kwa wino wa bluu, nikaibandika bahasha stempu. Nimekuwa naona haya tangu Mei, na haya yangu nimekuwa nikiigeuza kuwa hasira juu yako.

Na hili nalo ulisome. Mwaka wa sabini na tisa mimi na Sylvia tulikuwa na mtoto wa kiume, aliyezaliwa kimya, hapumui. Tulikuwa tumemwekea jina la baba yangu. Hatukuliandika popote. Mama yako alijua, basi. Uliposema unajiita Eino, sikusikia habari zako hata kidogo, nilisikia mtu ameingia chumba nilichokuwa nimekifunga. Haikuwa kosa lako. Nilipaswa kusema, nikaongeza kahawa.

Sijabadilika, usije ukadhani. Mambo haya bado hayaniingii, na karatasi za ofisi zenu ni upuuzi mtupu. Lakini najua mtu anayefaa kuwa sitahani na asiyefaa, na kama meli ile inakosa mikono yako kwa ajili ya bahasha yangu, basi aliyestahili kushushwa ni mimi.

Zile mbili zilizorudi nimeziweka humu, hazijafunguliwa. Bahasha ya nje nimeiandika kama ulivyoomba Aprili. Mkono ulikataa mara ya kwanza, nikaharibu bahasha nzima. Ya pili ikakubali.

Usishuke Conneaut.

Arvo


Meli ya Harlan Goss, kusini mwa Detroit
22 Oktoba 2023

Mjomba Arvo,

Weka goti juu ya kiti, na mwambie Hilkka nimesema akuangalie usilishushe.

Barua yako ilipanda kwa ndoo jana alasiri. Ilipaswa kuingia kwenye kisanduku changu. Jioni tumekaa, kila mtu na sahani yake, Hoyt akaingia na bunda lote la barua mkononi, akasimama mahali pake pa zamani. Hakuna aliyekuwa amemwona pale tangu Juni. Wanda akazima bomba la maji. Hoyt akainua bahasha yako, akautazama mwandiko kwa muda, akakohoa.

"Eino Saari," akasoma.

Nikasema, "Nipo."

Curtis akasema ofisi imekataza. Hoyt akamjibu, "Ofisi waje wale hapa, nitawasomea na wao." Akaendelea na bunda mpaka jina la mwisho. Yule mzee wa mitamboni hakupata kitu. Alikaa mpaka mwisho, kisha akaja akanigonga begani na kuondoka. Curtis alichukua yake akatoka. Sitegemei abadilike, ila leo asubuhi tulipofunga mifuniko Hoyt aliniita kwa jina, na mmoja tu ndiye aliyegeuka.

Conneaut sishuki. Nitakaa mpaka meli ifungwe Januari kwa majira ya barafu, ya mwakani nitayajua mwakani. Sindano ninayo mfukoni.

Habari za mtoto wenu sikuzijua. Ningezijua ningekuja kukuuliza, nikakaa nawe. Sijui kama ningeliacha jina, nakuambia ukweli. Ila nisingeingia chumba hicho bila kubisha hodi.

Kuhusu ulilolifanya Aprili, bado nina hasira. Uliponiambia umesahau nilikuamini, kwa sababu nilitaka kukuamini. Asante kwa kusema. Itachukua muda, na mimi pia mambo huniingia polepole, sisi ni wa damu moja.

Lakini kuna kitu, Mjomba. Nimesimama mbele ya watu kumi na saba nikaitika jina langu, nikaenda chumbani na furaha ambayo siwezi kuieleza, nikaifungua barua yako, na neno la kwanza kabisa lilikuwa Lempi.

Aprili nilikuambia ndani uandike unavyotaka. Ruhusa hiyo naifuta. Hii niliyoipokea nimeisoma mara nne na nitaitunza, lakini nairudisha kwako kwa maneno tu: iandike tena, kuanzia mstari wa kwanza. Tutapita Detroit tarehe sita. Nitakuwa mezani.

Eino